Madoa ya Sakafu Nyeusi: Kosa la Mpiga Deki au Kosa la Ndoo?

Katika miaka ya hivi karibuni ujenzi wa nyumba za kuishi umeenea upesi katika ukanda wa pwani ulio kaskazini ya jiji la Dar es Salaam. Msafiri atokaye Bunju kuelekea Bagamoyo, akiisha kupita Mapinga na kuingia Kerege, huona pande zote mbili za barabara nyumba mpya zimesimama mahali palipokuwa na mikorosho na minazi. Ndani ya nyingi za nyumba hizo, hasa sebuleni, mmetandazwa vigae vyeusi, au vya rangi ya kahawa iliyokolea, ving'aavyo kama kioo. Vigae havitoki tena ng'ambo peke yake. Mkoa wa Pwani wenyewe una viwanda vikubwa vya bidhaa hiyo, kimoja Chalinze na kingine Mkuranga, vilivyoanza kazi katika nusu ya pili ya miaka ya 2010. Hivyo kitu kilichokuwa zamani pambo la mahoteli na mabenki kimeingia katika nyumba za walimu, wafanyabiashara na wastaafu.

Pamoja na vigae hivyo yameingia malalamiko. Sakafu imepigwa deki asubuhi, ikapendeza ilipokuwa ingali na umajimaji. Ifikapo saa kumi alasiri, jua likipenya dirishani kwa mshazari, sakafu ile ile huonekana imejaa mabaka, michirizi na nyayo. Anayelaumiwa aghalabu ni mtu mmoja tu, naye ni binti au kijana aliyeajiriwa kufanya kazi za nyumbani. Huambiwa kuwa ni mvivu, huamriwa aongeze sabuni na arudie kazi, na siku ya pili yake mambo huwa yale yale au mabaya zaidi.

Maoni yangu, ambayo nitajaribu kuyatetea kwa hoja za fizikia na kemia, ni kwamba lawama hiyo haina msingi. Sehemu kubwa ya mabaka yaonekanayo juu ya kigae cheusi si uchafu ulioachwa na mtu mvivu. Ni vitu vilivyoletwa sakafuni na ndoo yenyewe, yaani sabuni, chumvi na chokaa. Anayeamriwa kuongeza sabuni anaamriwa kuongeza ugonjwa badala ya dawa.

Wako watakaosema kwamba jambo hili ni dogo mno kujadiliwa katika jarida la sayansi. Mimi sioni hivyo. Katika jambo hili mna saa za kazi za mtu, maji yanayonunuliwa kwa dumu, fedha za sabuni, afya ya mapafu, na mifupa ya wazee wanaoteleza. Elimu isiyoweza kushuka mpaka sakafuni haijamfikia mwananchi.

Kwa nini rangi nyeusi hufichua

Hebu tuanze na mwanga. Mwanga unapoangukia kitu, sehemu yake hurudishwa na sehemu nyingine humezwa. Kigae cheupe hurudisha na kutawanya kila upande sehemu 70 au zaidi katika kila sehemu 100 za mwanga unaokiangukia. Kigae cheusi humeza karibu mwanga wote unaoingia ndani yake. Kinachobaki ni ule mwanga unaoakisiwa na uso wake laini kama kioo kinavyoakisi. Ukiutazama uso huo wima, mwanga unaoakisiwa ni takriban sehemu 4 tu katika 100, nao huenda upande mmoja, hautawanyiki.

Sasa tuchukulie kwamba juu ya vigae vyote viwili pana utando mwembamba mno wa sabuni iliyokauka, na kwamba utando huo unatawanya sehemu 2 katika 100 za mwanga. Juu ya kigae cheupe, kinachotawanya 70, nyongeza hiyo haionekani kwa macho. Juu ya kigae cheusi, ambacho ndani yake hakirudishi takriban chochote, sehemu 2 hizo ndizo karibu mwanga wote unaomfikia mtazamaji aliyesimama kando. Kwa hiyo utando ule ule, wenye uzito ule ule, huonekana upande mmoja na hauonekani upande wa pili. Sakafu nyeupe ya jirani si safi zaidi. Tofauti yake ni kwamba huficha mambo yake.

Hali huzidi jua linapoteremka. Mwanga ukija kwa mshazari mkubwa, kama nyuzi 80 kutoka wima, uso laini huakisi karibu sehemu 40 katika 100. Sakafu huwa kioo, na kila mahali ambapo utando umekivuruga kioo hicho hujitokeza kama baka. Hii ndiyo sababu sakafu husifiwa saa nne asubuhi na kulaaniwa saa kumi alasiri, bila ya mtu yeyote kuigusa katikati ya saa hizo. Anayetaka kuikagua kazi ya deki kwa haki yampasa aikague kwa mwanga ule ule ambao mpiga deki alikuwa nao.

Nyayo zetu na moshi wetu

Nyumba za pwani zina desturi njema ya kuvua viatu mlangoni. Desturi hii huzuia mchanga, lakini huleta nyayo. Ngozi ya unyayo, kama ile ya kiganja, haina tezi za mafuta. Ina tezi nyingi za jasho, na jasho ni maji yenye chumvi. Mafuta yanayoonekana katika alama ya unyayo tunayaleta wenyewe, kwani mtu akiisha kuoga hujipaka mafuta ya nazi au ya mgando mpaka miguuni, kisha hukanyaga kigae. Mafuta hayakauki kama maji. Hubaki hapo, na vumbi hushika juu yake.

Kadhalika kuna mafuta yanayotoka hewani. Kikaango cha samaki hupeleka angani vitone vidogo visivyoonekana, ambavyo hutua vyumba vya jirani. Ubani na udi, vinapoungua, hutoa moshi wenye utomvu. Dawa ya mbu ya kupuliza nayo huacha utando. Haya yote si makosa. Ndiyo maisha ya nyumba. Lakini yanatufundisha kwamba kitu cha kuondolewa sakafuni ni mchanganyiko wa mafuta na chumvi, na vitu viwili hivi havitoki kwa njia moja. Chumvi huyeyuka katika maji matupu. Mafuta yanahitaji sabuni kidogo, au kitambaa kinachoweza kuyanyonya.

Maji ya pwani na sabuni

Hapa ndipo penye kiini cha hoja yangu. Ardhi ya sehemu nyingi za ukanda huu ina mawe ya matumbawe na chokaa. Maji ya mvua, yakiwa yamechukua hewa ya kaboni kutoka angani na udongoni, huyeyusha chokaa hicho polepole na kwenda nacho kisimani. Ndiyo asili ya maji tunayoyaita magumu. Kwa kawaida maji yenye zaidi ya miligramu 180 za chokaa katika kila lita huhesabiwa kuwa magumu sana. Karibu na ufuko huongezeka chumvi ya bahari yenyewe, kwa sababu maji ya bahari, yenye gramu 35 hivi za chumvi kwa lita, hujipenyeza chini ya ardhi kuelekea visima vinavyotumiwa kupita kiasi. Maji ya bomba yatokayo Mto Ruvu aghalabu huwa na chumvi chache kuliko hayo, lakini si kila nyumba ina bomba, na si kila siku bomba hutoa maji.

Sabuni ya mche ni chumvi ya sodiamu na tindikali za mafuta. Ikikutana na kalsiamu iliyomo katika maji magumu, hugeuka kuwa kitu kipya kisichoyeyuka, cheupe na chenye kunata. Ndicho kile kinachoonekana kama mabonge katika maji ya kufulia na kama mstari wa kijivu ukutani mwa beseni. Kitu hicho kikianguka juu ya kigae cheusi huwa ukungu. Hapana wingi wa sabuni ya mche utakaouondoa, kwa maana kila kipande kipya cha sabuni huzaa ukungu mpya.

Sabuni ya maji inayotengenezwa na wajasiriamali wetu haina tatizo hilo kwa kiasi kile kile, lakini ina lake. Aghalabu huongezwa chumvi ya kawaida ili iwe nzito, na mara nyingine huongezwa gliserini ili isiharibu mikono. Chumvi ikibaki sakafuni ina tabia moja inayofaa kukumbukwa na kila mkazi wa pwani: unyevu wa hewa ukizidi takriban sehemu 75 katika 100, hunyonya maji kutoka hewani mpaka ikayeyuka yenyewe. Gliserini nayo hupenda maji. Usiku wa Kerege na alfajiri yake mara nyingi huwa na unyevu unaozidi kiwango hicho. Basi usiku utando wa chumvi hulowa na kushika vumbi, mchana hukauka na kuacha chembe nyeupe, na usiku unaofuata hulowa tena. Mwenye nyumba huona madoa yamerudi na kudhani kwamba hayakufutwa. Kumbe yalifutwa, ila kilichoyaleta kiliachwa mahali pake.

Tupige hesabu kidogo. Sebule yenye eneo la mita 20 za mraba, ikipigwa deki na kuachwa ikauke yenyewe, hubakiwa na utando wa maji wa unene wa sehemu 5 katika 100 za milimita hivi. Jumla yake ni lita moja ya maji. Maji hayo yakiwa na nusu gramu ya chumvi na chokaa kwa lita, nusu gramu hiyo hubaki sakafuni maji yakiisha kuwa mvuke. Kwa siku 30 ni gramu 15, karibu kijiko kizima cha chakula. Na kama katika ndoo ya lita 10 kumemiminwa kikombe cha mililita 200 za sabuni ya maji, basi katika lita ile moja iliyobaki mna mililita 20 za sabuni, kila siku. Hata tukikubali kwamba deki ya kesho huondoa sehemu ya mabaki ya leo, ni dhahiri kwamba sakafu hiyo inapakwa sabuni kama ukuta unavyopakwa rangi.

Nilipokuwa nikisomea shahada ya uzamivu katika nchi za baridi, niliona kwamba maelezo yaliyoandikwa katika chupa za sabuni za huko yalitungwa kwa ajili ya nyumba zenye hewa kavu ya moto wa ndani na maji ya bomba yaliyo laini. Chupa hizo sasa zinauzwa katika maduka yetu na maelezo yale yale. Atakayeyafuata neno kwa neno katika nyumba iliyo karibu na bahari, kwa maji ya kisima, atapata matokeo mengine, wala si kwa sababu hakuyaelewa.

Jaribio la kila nyumba

Msomaji asiyeridhika na maneno na afanye jaribio. Achukue kigae cheusi kilichobaki katika ujenzi, au sahani nyeusi yenye kung'aa, akioshe vizuri na kukikausha. Kisha adondoshe matone matatu mbalimbali: la kwanza maji ya mvua, la pili maji ya kisima au bomba anayotumia, la tatu maji ya ndoo ya deki yakiwa na sabuni yake ya kila siku. Akiache mahali pasipo na vumbi mpaka kesho, kisha akitazame kwa mwanga wa mshazari. Tone la mvua likiacha alama hafifu au lisiache kabisa, na tone la tatu likaacha duara nene, atakuwa amejua chanzo cha mabaka ya sebuleni kwake bila ya kuuliza mtaalamu.

Ningependa jaribio hili lifanywe na mwenye nyumba pamoja na yule anayepiga deki, wakiwa wameketi meza moja. Atakayekuwa wa kwanza kueleza kilichotokea huenda asiwe mwenye shahada. Historia ya sayansi inatuunga mkono katika hilo. Agnes Pockels wa mji wa Braunschweig, Ujerumani, aliyezaliwa mwaka 1862, hakuweza kusoma chuo kikuu kwa sababu alikuwa mwanamke. Alikaa nyumbani akiwatunza wazazi wake. Jikoni, kwenye beseni la maji ya vyombo, alichunguza jinsi mafuta na sabuni zinavyotanda juu ya maji, akabuni chombo cha kuzipima tando hizo. Mwaka 1891 alimwandikia barua Lord Rayleigh, mwanafizikia maarufu wa Uingereza, naye akaipeleka barua hiyo ikachapishwa katika jarida la Nature. Elimu ya tando nyembamba, ambayo leo inafundishwa vyuo vikuu vyote, ina mzizi wake mmoja katika beseni la vyombo. Sioni sababu ya kudhani kwamba ndoo ya deki ya Kerege haina la kufundisha.

Njia ifaayo

Kutokana na hayo tuliyoyaeleza, njia ya kuitunza sakafu nyeusi si ngumu.

Kwanza, mchanga uondolewe ukiwa mkavu. Mchanga wetu wa pwani una chembe nyingi za kwatzi, jiwe lenye ugumu wa 7 katika kipimo kilichotungwa na Friedrich Mohs mwaka 1812, ambacho upeo wake ni 10. Utando wa kioo wa vigae vingi una ugumu wa kati ya 5 na 7. Anayeburuza dekio juu ya mchanga anakipiga msasa kigae chake, na mkwaruzo hauoshwi kwa dawa yoyote. Zulia dogo la usumba nje ya mlango na jingine la kitambaa ndani yake, pamoja na ufagio laini kabla ya maji, ni kinga ya bei nafuu kuliko zote.

Pili, sabuni iwe kidogo. Kijiko kimoja cha chai cha sabuni ya maji katika ndoo ya lita 10 kinatosha kwa sebule ya kawaida. Sabuni ya mche isitumiwe kwa sakafu hii mahali penye maji magumu. Mafuta ya taa, ambayo baadhi ya watu huyatia katika maji ya deki ili kung'arisha na kufukuza wadudu, yaachwe kabisa. Mng'ao wake ni utando wa mafuta, mvuke wake hudhuru, nayo hushika moto.

Tatu, ziwepo ndoo mbili, moja ya sabuni na moja ya maji matupu ya kusuuzia. Maji ya kusuuzia yabadilishwe yakianza kuchafuka. Mwenye paa la bati na awekee akiba ya mvua za masika na vuli: mvua ya milimita moja tu, ikinyesha juu ya paa lenye eneo la mita 100 za mraba, ni lita 100 za maji yasiyo na chokaa. Yaachwe kwanza yasafishe paa, kisha yakingwe. Maji hayo yatumiwe kwa usuuzaji wa mwisho, kwani hayaachi kitu.

Nne, na hili ndilo kubwa kuliko yote, sakafu isiachwe ijikaushe. Maji yakiondoka kwa kufutwa, huondoka na chumvi yake; yakiondoka kwa kuwa mvuke, huiacha. Kitambaa cha nyuzi nyembamba sana, kinachouzwa siku hizi hata madukani kwetu, hufaa zaidi, kwa sababu nyuzi zake hunyonya mafuta bila ya sabuni. Asiye nacho na atumie kanga kuukuu ya pamba iliyofuliwa mara nyingi. Kanga mpya haifai, kwa kuwa ingali na wanga wa kiwandani usionyonya maji. Kitambaa kifuliwe bila ya dawa ya kulainisha nguo, ambayo nayo huacha utando.

Nyumba ambayo imekwisha kupakwa sabuni kwa miezi mingi haitapona kwa siku moja. Ioshwe mara mbili au tatu kwa maji ya uvuguvugu yasiyo na sabuni, na kila mara ifutwe ikauke. Kama ukungu wa chokaa bado umebaki, siki iliyochanganywa na maji mara kumi yake itautoa, mradi isuuzwe mara moja. Katika nyumba mpya, ukungu unaobaki mara nyingi ni saruji iliyopakwa na fundi alipokuwa akijaza mianya. Huo nao hutolewa kwa siki, baada ya saruji ya mianya kukomaa na kuloweshwa kwanza kwa maji matupu. Vigae vya kaure vilivyosuguliwa huja mara nyingine na nta ya kiwandani. Hiyo hutolewa mara moja tu kwa maji ya moto yenye magadi kidogo, kisha ikasahauliwa.

Jina moja, mawe mawili

Natoa onyo la lugha. Watu wengi huviita vigae vyote marumaru. Marumaru ya kweli ni jiwe la chokaa lililobadilishwa na joto na mgandamizo ardhini, na tindikali yoyote huila, hata ya ndimu. Kigae cha kiwandani ni udongo uliochomwa na kufunikwa kwa utando wa kioo, nacho hakidhuriwi na siki hafifu. Ushauri wa siki nilioutoa ni wa kigae, si wa jiwe. Atakayeutumia juu ya marumaru ya kweli atapata baka la kudumu lisilo na mng'ao. Anayetilia shaka na adondoshe tone moja la ndimu pembeni, mahali pasipoonekana. Likitoa povu dogo, hilo ni jiwe la chokaa.

Onyo la pili ni la uhai. Mpiga deki anayegombezwa kila siku hatimaye hutafuta dawa kali, na mara nyingine huchanganya mbili akitumaini nguvu mara mbili. Dawa ya klorini ya kung'arishia nguo ikichanganywa na dawa ya chooni yenye tindikali hutoa gesi ya klorini, ile ile iliyotumiwa kama silaha karibu na Ypres, Ubelgiji, mwezi Aprili mwaka 1915. Ikichanganywa na amonia hutoa gesi nyingine zenye sumu. Chumba kikiwa kimefungwa ili vumbi lisiingie, hatari huwa kubwa. Hapana mng'ao wa sakafu unaolingana thamani na pafu la mtu, na mwenye nyumba anayenunua dawa hizi bila ya kumweleza mtumiaji hatari yake anabeba dhima.

Tuchague kabla ya kutandaza

Mwisho, nawageukia wajenzi. Kigae chenyewe si adui. Pale Kaole, kusini kidogo ya mji wa Bagamoyo, wazee wetu walipamba makaburi yao ya mawe kwa vyombo vya kaure vilivyoletwa kutoka China, na vipande vilivyohifadhiwa hapo vingali na mng'ao wake baada ya karne nyingi za upepo wa bahari. Utando wa kioo hauchakai kwa chumvi. Kinachochakaa ni subira ya watu wanaoutunza.

Kwa hiyo anayechagua kigae cheusi chenye kung'aa katika nyumba iliyo karibu na bahari, yenye maji ya kisima na jua la alasiri, ajue kwamba anachagua pia saa kadhaa za kazi kila juma, na aziweke katika hesabu ya ujenzi kama anavyoweka saruji na nondo. Kama hawezi, rangi ya mchanga isiyong'aa sana itamtumikia vyema zaidi. Kwa baraza, jikoni, bafuni na njia za zahanati, uso unaong'aa haufai hata kidogo, kwa kuwa maji juu yake hupunguza msuguano, na mzee akiteleza akavunjika nyonga, hasara yake haifutwi kwa kitambaa. Mafundi na wauzaji nao wangefanya vyema kuwaeleza wateja mambo haya dukani, kabla ya kigae kupakiwa garini.

Na yule ambaye sakafu yake imekwisha kutandazwa, jioni ya leo jua litakapoonyesha mabaka, asimwite mtu kumgombeza. Achungulie kwanza ndani ya ndoo, aulize maji yametoka wapi, sabuni imepimwa kwa nini, na kitambaa cha kukaushia kiko wapi. Kama kitambaa hicho hakikununuliwa, kosa limekwisha kujulikana ni la nani.